Siku Niliyosomesha Halbadiri Juu ya Ruta

Haya ninayoyaandika hapa hata mama yangu sijamweleza yote, na nikikutana njiani na mtu aliyekuwapo siku ile mimi ndiye ninayeinamisha uso kwanza, kwa hiyo msinicheke kabla sijamaliza, nikimaliza mtapata nafasi ya kucheka mpaka mtosheke.

Mimi naitwa Zuhura. Nina duka la intaneti hapa Malindi, mtaa wa Shela, chumba cha chini cha nyumba ya marehemu babu, kompyuta nne na mashine ya kuchapisha, na watu huja kwangu kujaza fomu za vyuo, za pasi, za vitambulisho. Shule nilikomea darasa la nane (nilifaulu, lakini hayo ni mengine), na kompyuta nimezijua kwa kuzishika tu, basi nikieleza jambo la mitambo nikakosea mniwie radhi, naeleza kama nilivyoelezwa.

Chanzo cha yote ni kitufe kimoja. Juu ya mlango wa duka kuna kile kikasha cha kugawa mtandao, ruta, alichokifunga fundi Kahindi, mtu wa kijiji cha Ganda, na Kahindi alinifundisha kila asubuhi nifungue ukurasa wa kile kikasha nibadilishe neno la siri la siku hiyo. Sasa kwa muda mrefu, kila nikiufungua, kabla ya kitu kingine chochote unaniletea maneno: kuna sasisho muhimu la usalama, liwekwe sasa au baadaye? Mimi nabonyeza Baadaye. Si uvivu (au labda uvivu kidogo, niseme kweli), ila kikasha changu cha kwanza kilikufa hivyohivyo, nilikubali sasisho, stima ikakatika katikati, na taa zake hazikuwaka tena mpaka leo, na nani wa hapa kwetu atakayeniahidi kwamba stima itakaa dakika kumi bila kukatika? Kahindi alipoleta hiki cha pili nikamwambia kwa mdomo wangu mwenyewe asikiache kikajisasisha. Akasema, "Sawa, Dada Zuhura, lakini likija la usalama usililaze." Nikamwambia sitalilaza. Kesho yake nikalilaza.

Basi Jumatatu moja akaja Mwanakombo, binti wa jirani yangu Bi Fatma. Mwanakombo alikuwa amepata nafasi ya chuo cha uuguzi, nafasi aliyoisubiri mwaka mzima huku akimsaidia mama yake kukaanga viazi vya karai, na sasa alitakiwa athibitishe kwenye ukurasa wa chuo kabla ya Ijumaa saa kumi na moja jioni, asipothibitisha nafasi anapewa mwingine. Nikamkalisha kompyuta ya pili. Akaandika anwani ya chuo herufi kwa herufi kutoka kwenye barua, mimi nikimsomea, hakukosea hata nukta. Yakatokea maandishi mekundu ya kutahadharisha kwamba ukurasa huu haukuweza kuthibitisha ni wa nani. Mwanakombo akaniangalia.

"Bonyeza tu endelea," nikamwambia. "Hii mashine ina woga kama mimi."

Akacheka, akaendelea. Ukaja ukurasa wa chuo, nembo yake, rangi yake ya kijani, picha ya wanafunzi wamevaa nguo nyeupe. Ukamwuliza jina, namba ya kitambulisho, neno lake la siri, kisha ukamwuliza jina la mama na namba yake ya simu, na jina la babu mzaa baba. Nakumbuka nilijiuliza, babu anahusika vipi na uuguzi? Nikajijibu kwamba wenye kusoma wana mambo yao. Akajaza. Ukurasa ukaandika: *Asante Mwanakombo. Tumekupokea.* Nikapiga makofi. Bi Fatma akaniletea sahani ya viazi na ukwaju wake.

Jumatano asubuhi Bi Fatma akapiga simu chuoni, kuuliza tu mtoto aje na godoro au asije nalo. Mwanamke wa huko akamwambia jina hilo halijathibitishwa. Wakaja dukani wote wawili, Bi Fatma leso haijakaa kichwani. Nikawaambia labda mtandao ulizubaa, turudie. Tukarudia. Maandishi mekundu, endelea, ukurasa wa kijani, ukauliza yaleyale kwa upole uleule kama haujawahi kutuona, jina, mama, babu, halafu: *Asante Mwanakombo. Tumekupokea.* Tukapiga simu. Hawajapokea kitu. Tukahamia kompyuta ya nne. *Asante Mwanakombo. Tumekupokea.* Mara ya tatu hiyo, na wallahi yale maneno yalianza kunikaa vibaya mwilini, kama mtu anayekuitikia "labeka" kutoka chumba ambacho unajua hakina mtu.

Mwanakombo akatoka nje kwenda kutafuta hewa. Akiwa pale uchochoroni akafungua ukurasa uleule kwa simu yake, kwa bando lake mwenyewe, akaandika namba yake, nikamsikia anasema, "Mama, huku nje unasema bado sijathibitisha."

"Njoo tuone," nikamwita.

Akavuka kizingiti anakuja. Simu yake ilishaujua mtandao wa dukani tangu Jumatatu, basi ilipofika ndani ikaushika yenyewe. Akafungua tena, akabonyeza endelea kama nilivyomfundisha, akatuonyesha. *Asante Mwanakombo. Tumekupokea.* Akatoka. *Bado hujathibitisha.* Akaingia. *Tumekupokea.* Ilikuwa adhuhuri, jua limesimama wima, na ng'ambo ya uchochoro fundi cherehani mmoja aliyekuwa akishona akasimamisha cherehani akawa anatuangalia, kwa hiyo hapakuwa na sauti yoyote isipokuwa ndara za yule binti zikivuka kizingiti changu, kwenda na kurudi, na kila akivuka uso wa ile simu unageuka. Sura moja, rangi moja, jina moja, lakini si yeye. Bi Fatma akaanza kusoma Ayatul Kursiy. Mimi malaika ya mikono yamenisimama, nikaitazama nyumba ya babu nikakumbuka yote yaliyowahi kusemwa juu ya chumba kile.

Hapa ndipo nilipofanya kosa ambalo najilaumu kuliko lile la kitufe. Mwanakombo (na haki yake nimpe, alikuwa na akili kuliko sote) alisema, "Shangazi, basi si nithibitishe hukohuko nje?" Nami nikamshika mkono. "Usiguse," nikasema, "usiguse popote, hujui upi ni upi, mpaka tumjue aliyefanya haya." Kwa sauti ya mtu anayejua. Sikujua chochote. Lakini mimi ndiye mwenye duka, na mtoto akanitii.

Usiku ule nilifikiri, na kila nilipofikiri nilimwona Kahindi. Nani mwingine aliyewahi kukigusa kile kikasha? Nikakumbuka alivyosimama juu ya kiti akikifunga, midomo inamcheza (sasa najua alikuwa akihesabu skurubu). Nikakumbuka hakunywa hata chai, aliondoka upesi. Mtu ukishamshuku, hata haraka yake inakuwa ushahidi.

Alhamisi asubuhi nikaenda kwa Maalim Athman, mwalimu wa chuo cha Kurani cha mtaani kwetu, nikamwomba anisomee halbadiri. Kwa asiyeijua: ni kisomo cha kumshtaki kwa Mungu mtu aliyekudhulumu usiyemjua, watu wanakusanyika, wanasoma, wanaitikia, na aliyetenda, ikiwa harudishi wala hakiri, inasemwa tumbo linamvimba, au mdomo unakwenda upande. Si jambo la mchezo. Maalim mwenyewe hakulitaka. Aliniuliza, "Una hakika umedhulumiwa na mtu?" Nikasema nina hakika. Akauliza, "Hukufanya jambo mwenyewe ukalisahau?" Nikasema hapana. Akauliza mara ya tatu, "Nisome juu ya nani?" Nikasema, "Juu ya yeyote aliyefungua mlango shari hii ikaingia." Niliyachagua mwenyewe maneno hayo, nikayaona mazuri.

Basi baada ya alasiri ikasomwa, wanaume barazani, wanawake ndani ya duka katikati ya kompyuta zangu zilizozimwa, na mimi nimepika kaimati na kahawa ya tangawizi. Buhuri nikaifukiza mpaka juu ya mlango, nimesimama kwenye kiti, ule moshi ukikizunguka kile kikasha na taa zake za kijani zinakonyeza ndani ya moshi, zinakonyeza tu, hazijali. Kabla ya kuanza Maalim akanipa nafasi niseme shida yangu na nikasema, nikaongeza na yasiyoulizwa: "Fundi aliyeniwekea hiki kitu mnamjua, mimi simtaji." Kutaja ni nini kama si huko? Watu wakaitikia Amina, na sauti yangu mimi ndiyo iliyokuwa juu.

Malindi habari haingoji. Ijumaa, watu wametoka msikitini wameshakula, baraza ya Bakari muuza kahawa imejaa, inakaribia saa tisa na nusu, pikipiki ikasimama mbele ya duka langu akashuka Kahindi na mkoba wake wa vifaa. Hakunifokea. Hilo ndilo lililonitisha.

"Dada Zuhura, hujambo. Nasikia nimesomewa."

Bakari akadakia kutoka barazani, "Si wewe, Kahindi, hujatajwa!"

"Mafundi wa ruta hapa wako wangapi, mzee?"

"Wewe tu."

"Haya. Mimi ni Mkristo, sijui hii kitu yenu hunishika vipi..."

"Inashika yeyote," Bakari akasema, "haina ubaguzi." Watu wakacheka, Kahindi naye akacheka kidogo, halafu akageuka akaniambia taratibu, "Nina watoto, dada. Mke wangu hajalala. Mulungu anaona sikufanya kitu. Nifungulie nitazame."

Nikafungua. Maalim Athman akaja akasimama mlangoni, Bi Fatma na Mwanakombo wakaja, na nyuma yao baraza nzima, kwa maana nani ataketi? Kahindi akachomeka kompyuta yake, akaangalia, akaandika, akaangalia tena. Akaniuliza, "Hili sasisho la usalama, lilipokuwa linakuja, ulikuwa unabonyeza wapi?"

Nilijua jibu. Nilijua tangu alipofungua mdomo. Nikasema, "Labda... mara moja moja nilisema baadaye."

Akaigeuza ile kompyuta watu waione, na sidhani alikusudia kuniaibisha, alikuwa anamwonyesha Maalim. Kikasha kilikuwa kimeandika kila kitu. Tarehe, saa, *imeahirishwa na mwenye mamlaka*. Tarehe, saa, *imeahirishwa na mwenye mamlaka*. Akateremsha, ikaendelea, akateremsha, ikaendelea, asubuhi zangu zote zimepangwa pale mpaka za mwezi wa Ramadhani. Watu wakasogea wakasoma.

"Mwenye mamlaka ni nani?" Bakari akauliza.

"Ni mwenye duka," Kahindi akasema.

Akaeleza, na naandika nilivyoelewa. Kompyuta haijui majina, inajua namba. Ukiandika jina la chuo, kikasha kinauliza huko mbele, huyu anakaa wapi? Jibu likirudi kinawaambia nyinyi na kinaliweka kichwani ili kesho kisiulize tena. Sasa programu iliyomo ndani ilikuwa na tundu: haikumkagua vizuri anayejibu. Ni kama mtu amesimama njia panda anauliza nyumba ya Bi Fatma ni ipi, na kabla mwenyeji hajafungua mdomo mtu baki amepiga kelele, ile kule! naye anaamini aliyewahi, anaandika kwenye daftari, na kila atakayemuuliza atampeleka kulekule. Huyo mtu baki si lazima awe Malindi, wala Kenya. Akakijibu kikasha, kikajaa uongo, na kila aliyekaa chini ya mlango wangu akapelekwa kwenye nyumba iliyojengwa ifanane na ya kweli.

"Tundu lenyewe limejulikana siku nyingi," akamalizia, "na dawa yake ilishatoka. Ndiyo hiyo uliyokuwa ukiiambia baadaye. Na yale maandishi mekundu yalikuwa yanawaambia."

Kisha akasema jambo ambalo sitalisahau, akasema na yeye ana sehemu yake, angekataa kuniachia kikasha hivyo hata kama nimemwomba. Mimi nimemsomeshea halbadiri, yeye ananipunguzia kosa mbele ya watu.

Mwanakombo alikuwa haangalii kompyuta, anaangalia saa ya ukutani. "Ni saa kumi kasorobo," akasema. "Mnazungumza tu."

Tukatoka naye mbio mpaka ng'ambo ya uchochoro, mbali na mtandao wangu, Kahindi akamwambia azime ule wa dukani kabisa. Akaandika anwani. Ile duara ikazunguka. Ikazunguka. Bando likakatika, Bakari akampa simu yake, duara ikazunguka tena, na Bi Fatma amemshika mwanawe bega kama vile atachukuliwa na upepo. Ukurasa ukafunguka, bila maandishi mekundu. Haukumwuliza babu. Akabadilisha neno la siri kwanza, kama Kahindi alivyomwagiza, kisha akathibitisha, ukaandika neno moja tu, *Imethibitishwa*, bila asante, bila jina. Bi Fatma hakuamini, akapiga chuoni, na yule mwanamke akasema kwa ukali, "Ndiyo, tumemwona, nyinyi wa Malindi mmepiga mara ngapi wiki hii?" Sijawahi kufurahia kufokewa namna ile. Wa uongo alikuwa na adabu zote, wa kweli akatufokea.

Watu wakashangilia. Halafu, mmoja baada ya mwingine, wakanigeukia mimi. Walikuwa wamekumbuka. *Yeyote aliyefungua mlango.* Na Amina zao wote, na yangu juu yake.

"Bi Zuhura," Bakari akasema, "ukianza kuvimba utuambie mapema."

Wakacheka, lakini kicheko kikafa chenyewe, na mwanamke mmoja aliyekuwa karibu nami akasogea kando. Kidogo tu, kama mtu anayepisha maji. Nikamwendea Maalim, nikamwambia, "Maalim, irudishe." Akanitazama kwa huruma, akasema, "Nilikuuliza mara tatu. Mimi msomaji tu, sina mkono wa kuirudisha. Waendee uliowakosea, useme mbele ya haohao."

Nikasema. Nilisimama palepale niliposimama Alhamisi, na sauti ya jana ilikuwa imekwenda sijui wapi, ikabidi nirudie maana walio nyuma hawakusikia: "Aliyefungua mlango ni mimi. Kahindi hana kosa, nilimsingizia. Na wewe Mwanakombo, nisamehe." Kahindi akasema, "Imeisha, dada," akapanda kiti akaweka sasisho, dakika saba, stima ilikaa. Akaondoka bila kunywa chai, na safari hii nilijua kwa nini.

Tumbo langu halijavimba mpaka leo. Lakini nilishindwa kula siku kadhaa, na ile Jumamosi niliacha duka limefungwa nikapita nyumba kwa nyumba kwa kila aliyekuwa amejaza kitu kwangu wiki ile, kumwambia abadilishe maneno yake ya siri. Wengine walinikaribisha. Wengine walizungumza nami dirishani.

Mwanakombo yuko chuoni, anasoma, godoro lilitakiwa. Ila Bi Fatma hupigiwa simu. Ni mwanamume mwenye sauti nzuri, anamwamkia shikamoo, anamtaja Mwanakombo kwa jina lake, la baba yake na la babu yake aliyekufa kabla yeye hajazaliwa, anamtajia namba ya kitambulisho, anasema anapiga kutoka chuoni na kuna jambo dogo tu la kuthibitisha. Bi Fatma hukata. Baada ya siku chache hupiga tena kwa namba nyingine, hana haraka, hana hasira. Tumepeleka habari polisi, wakaandika. Mahali fulani kuna mtu anayeijua nyumba ile mpaka makaburini kwake, na mimi ndiye niliyemjulisha.

Nimeapa sitaiambia tena "baadaye" mashine inayoniambia nina tundu, na maandishi mekundu sasa nayasoma kwa sauti mpaka wateja wanachoka. Na kisomo juu ya mtu nisiye na hakika naye, sitaomba tena maishani mwangu.

Mwanakombo alipokuja likizo nilimwendea, nikamwomba radhi kwa mara nyingine, maana siku ile hakunijibu. Alikuwa anamenya viazi na mama yake. Akafikiri kwanza, kisha akasema, "Shangazi, la chuo nimekusamehe. Hili la babu bado, kwa sababu halijaisha."